Mafuta Yanayotoka Nje

Asubuhi hiyo Msomi alikwenda kazini kwa miguu, kama alivyoapa siku aliyopewa barua ya ajira, na gari la ofisi lilikuwa likitambaa kando yake kwa gia ya kwanza.

"Panda," dereva alisema kutoka dirishani.

"Nimeshakwambia, kaka. Siwezi kuchoma mafuta ya nchi kwa ajili ya miguu yangu miwili."

"Gari linakwenda ofisini hata usipopanda."

"Hilo ni suala la dhamira."

"Basi acha dhamira itembee, mimi niisindikize."

Na kweli akaisindikiza, kilomita mbili nzima, akimpa Msomi habari za mpira huku injini ikikohoa kama mgonjwa wa kifua. Baadaye, mezani kwake, Msomi alipiga hesabu, maana kupiga hesabu ilikuwa ndiyo starehe yake, akagundua kwamba kwa yeye kutembea gari lilikuwa limekunywa karibu mara mbili ya kawaida. Hesabu hiyo hakumwonyesha mtu.

Jina la Msomi alipewa na dereva huyo huyo, siku ya kwanza kabisa, baada ya kusikika akitamka neno "endelevu" mara nne kabla ya chai. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, shahada ya nishati, mashati matatu ya mikono mirefu, na imani moja kubwa: kwamba nchi ingeweza kuacha kuagiza mafuta kutoka nje endapo tu wananchi wangeelezwa vizuri, kwa upole, na mtu mwenye takwimu. Kwa bahati nzuri mtu huyo alikuwa ameshapatikana.

Kitengo cha Nishati cha manispaa kilikuwa na watu watatu. Mkuu wake alikuwa mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba, ambaye wote walimwita Madamu, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Wa pili alikuwa dereva. Wa tatu Msomi, aliyekuwa kwenye miezi sita ya majaribio. Chumba chao kilikuwa mwisho wa korido, kati ya stoo ya mafagio na choo cha wageni. Kilikuwa na dirisha lisilofungika na kabati lisilofunguka, na Msomi alipokiona mara ya kwanza alijisemea kwamba mambo makubwa huanzia katika vyumba kama hivi. Dereva alipomwona anatabasamu peke yake aliuliza kama amekula.

Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa dodoso. Madamu alikuwa ameandika rasimu kwa mkono, maswali sita ya kupeleka kwenye kaya za mji mzima, ili manispaa ijue nani anatumia petroli, nani dizeli, nani mafuta ya taa, na kama wanaweza kupunguza. Msomi aliisoma rasimu ile kwa huruma.

"Madamu, samahani. Lugha hii ni nzito. Petroli, dizeli, mafuta ya taa, yote katika swali moja. Mwananchi wa kawaida atachoka njiani."

"Umemuuliza mwananchi wa kawaida?"

"Naishi naye," Msomi alisema, akimaanisha mama yake mdogo.

Akachukua kalamu nyekundu. Akakata petroli, akakata dizeli, akakata taa, likabaki neno moja tu limesimama peke yake, safi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa: mafuta. Hutumia mafuta kwa shughuli gani? Je, mafuta hayo yanatoka nje? Uko tayari kuyapunguza kwa kiasi gani? Weka alama kwenye kisanduku: robo, nusu, siwezi.

"Neno moja," alisema. "Hata bibi kizee analijua."

Madamu alimtazama juu ya miwani. "Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyetoka shule juzi."

Msomi alilichukua hilo kama sifa.

Wenyeviti wa mitaa waligawa madodoso mia nne, yakarudi mia tatu na kumi na mawili. Msomi alihesabu visanduku kwa siku tatu. Siku ya tatu, saa nane mchana, jumla ilipopatikana, alivua miwani akaifuta, kisha akafuta na macho. Asilimia themanini na moja ya kaya zilikuwa zimeweka alama kwenye nusu. Watu hawa, wenye viraka na madeni ya ada, walikuwa tayari kuipunguzia nchi yao nusu nzima ya mafuta, bila kusukumwa, bila hata kuahidiwa fulana. Alitoka nje akasimama kwenye ngazi za ofisi akawatazama wapita njia kwa upendo, mpaka muuza vocha mmoja akamuuliza anataka ya ngapi.

Chini ya kila dodoso kulikuwa na mistari mitatu ya nukta nukta, na juu yake pameandikwa "Maelezo mengineyo." Hiyo sehemu hakuisoma, wala majibu mengine yaliyoandikwa kwa mkono; alihesabu visanduku tu. Chuoni walifundishwa kwamba maelezo mengineyo huvuruga takwimu.

Ripoti ikatoka na kurasa ishirini na mbili na duara la rangi ya kijani. Pendekezo lenyewe lilikuwa ukurasa wa kumi na nne. Mji ule ulikunywa maji ya mtoni, yakipandishwa na pampu ya dizeli mpaka kwenye tangi lililo kilimani, na hakuna kitu cha manispaa kilichokunywa dizeli kama pampu hiyo. Msomi alipendekeza dizeli yake ikatwe nusu. "Ikiwa mwananchi mnyonge yuko tayari kupunguza nusu," aliandika, "manispaa yake itasita kwa sababu gani?" Sentensi hiyo aliipenda mno. Aliisoma kwa sauti bafuni mara mbili, ya pili akiwa na povu usoni.

Maji yalikuwa yakifika mitaani siku moja, yanapumzika siku moja. Dizeli ikikatwa nusu, yangefika siku moja na kupumzika siku tatu. Ripoti iliyaita haya "marekebisho madogo ya ratiba." Kuhusu wale wachache walioweka alama kwenye "siwezi," ripoti ilisema wana uelewa mdogo wa masuala ya kitaifa na waelimishwe.

Madamu aliweka sahihi. Baraza la madiwani lingekaa Jumatatu, na likipitisha, amri ya pampu ingeanza Jumatano.

Jumapili mchana Msomi alikaa mezani kwa mama yake mdogo, mdogo wa mwisho wa marehemu mama yake, fundi cherehani aliyempokea akiwa na sanduku moja akamsomesha mpaka mwisho. Mezani kulikuwa na viazi vya kuchemsha, maharage ya kuchemsha na mayai ya kuchemsha. Baba mdogo alikizungusha kiazi kwenye sahani kama mtu anayetafuta mlango wa kuingilia.

"Leo tena," alisema, bila kumtazama mtu.

"Kamuulize mwanao," mama mdogo akajibu.

"Mimi?" Msomi akashangaa. "Nimefanya nini, mama mdogo?"

"Si wewe uliyetuletea karatasi? Mwenyekiti wa mtaa kapita nyumba kwa nyumba, kasema ni kazi yako, tusikuangushe. Mimi nikajaza nusu. Jirani akajaza nusu. Yule wa nyumba ya bluu alitaka kujaza robo, nikamwambia, huyo ni mwanangu, jaza nusu. Sasa nimejaza nusu halafu nikaange kama zamani? Kikaango changu hakijaona moto tangu wiki iliyopita."

"Kikaango," Msomi alirudia.

"Sasa mafuta mengine yapi? Mimi nina gari?"

Msomi alikuwa na yai mdomoni na lilikataa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Akanyanyuka, akaenda chumbani kwake, akavuta boksi la madodoso kutoka uvunguni, maana ofisini kabati lilikuwa halifunguki. Akakaa sakafuni akaanza kusoma majibu ya mkono na maelezo mengineyo.

Hutumia mafuta kwa shughuli gani? "Kukaanga." "Kukaanga." "Kujipaka, hasa miguuni, ngozi yangu kavu." Je, mafuta hayo yanatoka nje? "Ndiyo, duka la kona." "Hapana, tunayaweka ndani kabatini." "Yanatoka nje kidogo, kifuniko kimepasuka." Mmoja aliandika kwamba daktari ameshamkataza, hivyo amefurahi kuona na serikali imeingilia kati. Mama mmoja aliomba maofisa wafike waongee na mumewe, hapendi mboga kavu. Mwingine, kwa mwandiko wa huzuni, alieleza kwamba amekimbia kila asubuhi miezi miwili kupunguza mafuta na tumbo liko palepale, kama manispaa ina dawa ilete.

Aliendelea kufunua mpaka akakuta karatasi iliyojazwa na mwenye pikipiki ya kubeba abiria. Huyo alikuwa amejibu kila swali sawasawa: petroli, lita nne kwa siku, inatoka nchi za nje. Kwenye kisanduku aliweka alama "siwezi," na chini akaandika, "Pikipiki ndiyo inayotulisha." Katika mji mzima huyo alikuwa mtu pekee aliyemwelewa Msomi, naye Msomi alikuwa amemwandika kuwa ana uelewa mdogo.

Msomi akarudi sebuleni. Mama mdogo alikuwa ameshatandika blanketi mezani anampigia pasi shati la kesho.

"Mama mdogo, kuna jambo." Akamweleza yote, dodoso, ukurasa wa kumi na nne, pampu, siku moja na siku tatu. Alijitahidi asitumie neno "ratiba."

Mama mdogo aligeuza kola, akaipiga pasi upande wa ndani.

"Siku tatu," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na wateja wangu nimeshawaambia kesho mwanangu anahutubia baraza." Akaning'iniza shati kwenye kiti, akalinyoosha bega kwa kiganja. "Basi uhutubie vizuri."

Msomi alimpigia simu Madamu. Simu ilikuwa imezimwa, kama ilivyozimwa kila Jumapili kwa miaka yote ya utumishi wake. Akampigia dereva, na dereva alicheka kwa muda mrefu kiasi kwamba Msomi alilazimika kuangalia salio.

"Sikiliza, mdogo wangu," dereva alisema alipopata pumzi. "Nyamaza. Kurasa ishirini na mbili, nani atafika ya kumi na nne?"

"Imewekwa kwenye ajenda."

"Nani kaiweka?"

"Mimi."

Dereva akashusha sauti. "Ukisema, wataandika barua ya mistari miwili, majaribio yamekwisha, kwaheri. Usiposema, maji yatapungua, watu watalalamika mwezi, watazoea. Mimi nakwambia kama kaka."

"Nimekuelewa, kaka."

"Hujanielewa. Nakujua."

Jumatatu Madamu alifika moja kwa moja ukumbini, akapelekwa meza ya mbele kabla Msomi hajamkaribia. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, panga boi moja lililozunguka kwa kujivuta, na madiwani ishirini wenye nakala za ripoti ambazo hazijafunguliwa. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa fundi wa pampu, mwanamke mrefu mwenye ovaroli ya buluu na mikono isiyotakata tena hata kwa sabuni. Alikuwa ameitwa kuja kupokea amri.

Msomi alikuwa amepanga kuanza na ukweli. Lakini alipopewa kipaza sauti alianza na salamu, baada ya salamu ikaja shukrani, na baada ya shukrani macho yake yakaangukia ukurasa wa kwanza na mdomo ukajiendea wenyewe. Akajisikia anasoma, tena kwa sauti nzuri. Alipofika kwenye asilimia themanini na moja madiwani walipiga makofi. Ni aibu kusema, lakini makofi yale yalikuwa matamu, na Msomi alikaa ndani yake kwa sekunde kadhaa kama mtu aliyekaa kwenye maji ya uvuguvugu.

"Hongera sana, kijana," Mwenyekiti wa baraza alisema. Alikuwa mtu mnene, mkunjufu, aliyependa vikao viishe kabla ya chakula cha mchana. "Waheshimiwa, hoja ni ile ya ukurasa wa kumi na nne, kukata nusu ya dizeli ya pampu. Wananchi wenyewe wametuonyesha njia. Wanaounga mkono wanyooshe mikono."

Mikono ikaanza kupanda. Fundi wa pampu hakuwa na kura. Alikuwa ameinamia viganja vyake, anavitazama kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Msomi alisema, "naomba mikono ishuke."

Mikono michache ilishuka, mingine ilibaki nusu, haijui iende wapi.

"Mafuta niliyoyapima si dizeli. Si petroli pia."

"Ni nini?"

"Ni ya kukaangia." Akafunga ripoti. "Na ya kujipaka."

Mwenyekiti akainama mbele. "Rudia, mwanangu, panga boi linapiga kelele."

Msomi akarudia. Halafu, kwa kuwa hakukuwa tena na pa kujificha, akatoa karatasi mfukoni akasoma majibu, moja baada ya jingine, duka la kona, kifuniko kilichopasuka, miguu mikavu, mume asiyependa mboga kavu. Alipofika kwa yule wa tumbo, diwani mmoja wa mstari wa mbele aliteleza kwenye kiti akashikwa na wenzake. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi kwa ripoti, na hapo ndipo kurasa nyingi zilipofunguliwa kwa mara ya kwanza. Madamu hakucheka. Alivua miwani akaiacha ining'inie kwenye kamba.

"Mke wangu!" alisema diwani mwingine, akishika kichwa. "Kumbe ndiyo maana nyumbani siku hizi tunakula kama wagonjwa."

Kelele zilipopungua Mwenyekiti alijipangusa uso. "Sasa kijana, unataka tufanye nini?"

"Naomba pendekezo la pampu liondolewe. Hakuna mwananchi aliyekubali kupunguziwa maji. Hilo niliwasemea mimi."

"Ngoja," diwani wa mstari wa mbele akasema, ameshapanda tena kitini. "Lakini dizeli bado inatoka nje, na bado inatuumiza. Tuache hivi hivi?"

Msomi akafungua mdomo. Alikuwa na kurasa nane kuhusu hilo. Lakini fundi wa pampu alikuwa amesimama nyuma.

"Mimi sijaulizwa," alisema. Sauti yake ilikuwa kubwa, ya mtu aliyezoea kuongea juu ya injini. "Dodoso halikufika kwenye pampu. Lingefika ningejaza. Nikipandisha maji, kila ndoo kumi, tatu hazifiki tangini. Bomba linavuja chini ya ardhi, mahali pawili au patatu, mwaka wa nne huu. Dizeli ya ndoo hizo tatu tunamwagilia majani. Nimeandika barua tano. Nataka mtu wa kuchimba."

Mwenyekiti alitazama saa, akatazama madiwani, kisha akamtazama Msomi kuanzia kola iliyonyooka mpaka viatu.

"Huyu anaweza kuchimba?"

"Tutajua," fundi alisema.

Ikaamuliwa hivyo. Pendekezo likaondolewa, ripoti ikarudishwa, majaribio ya ofisa yakaongezwa miezi mitatu, na ofisa mwenyewe akakabidhiwa kwa pampu.

Kwenye korido Msomi alimsubiri Madamu, ameandaa maneno ya kuomba radhi kwa mapana na marefu. Madamu alimzuia kwa kiganja.

"Ile rasimu yangu unayo bado?"

"Ninayo, Madamu."

"Niliiachia kwa sababu nilichoka kubishana. Na hiyo yako nikaitia sahihi bila kufunua hata karatasi moja ya wananchi. Tumechekwa wawili, usijitwalie peke yako." Akarudisha miwani puani. "Nenda kabadilishe viatu."

Kutafuta bomba linalovuja, Msomi alijifunza, hakuhitaji shahada. Fundi alimpa nondo ndefu. Ncha moja unaisimamisha juu ya bomba, nyingine unaiweka sikioni, unaziba sikio la pili, unasikiliza. Siku ya kwanza alisikia moyo wake tu. Siku ya pili alisikia mlio mwembamba, akapiga kelele kwa furaha, wakachimba mita moja na nusu wakakuta jiwe.

"Ulisikia nini?" fundi akamuuliza.

"Labda nilitaka sana kusikia."

"Hilo najua. Ndilo lililokuleta huku."

Viganja vyake vilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, yakatoka mengine juu yake. Dereva alikuja mara mbili kumtazama, akakaa kivulini anakula karanga, akasema kwamba sasa kweli mafuta ya nchi yanaokolewa, maana Msomi hana nguvu hata ya kuongea. Kwenye chakula cha mchana Msomi alimuuliza fundi kuhusu injini, na fundi akamjibu. Kila jibu lilizaa maswali mawili, na kila jioni alirudi nyumbani akijua kwa uhakika zaidi mambo gani hayajui. Mama mdogo alimkagua viganja, akavipaka mafuta, na wote wawili wakajizuia kucheka.

Siku ya tisa, mahali ambapo majani yalikuwa mabichi kuliko kwingine, nondo ilinong'ona. Safari hii hakupiga kelele. Alimpa fundi nondo asikilize yeye. Fundi alisikiliza muda mrefu, macho amefumba.

"Chimba," alisema.

Walilikuta saa sita mchana. Ufa wenyewe ulikuwa mrefu kama kidole, unarusha maji ubavuni kwenye matope, bila haraka, kama ulivyofanya kwa miaka minne. Wakazima pampu. Msomi akashuka ndani ya shimo, maji mpaka magotini, akashikilia kipande cha mpira wa tairi juu ya ufa wakati fundi anafunga bangili ya chuma na kukaza nati.

"Usiachie."

"Siachii."

"Umeachia."

"Nimeteleza."

Ilipokazwa, wakawasha tena injini, wakarudi kusimama juu ya shimo. Bomba lilitoa jasho kidogo kwenye ukingo, kisha likakauka. Fundi akaenda kukaa kwenye kiti chake karibu na injini. Msomi alikaa chini kwenye kizingiti cha kibanda cha pampu.

Kwa kawaida pampu ilinguruma, ikisikika mji mzima, mpaka saa kumi na moja jioni. Saa tisa na nusu mlinzi wa tangi alipiga simu kutoka kilimani. Fundi alisikiliza, akauliza, "Una hakika?" akasikiliza tena. Kisha akanyanyuka, akashusha mkono wa injini. Mngurumo ukapungua, ukakohoa mara mbili, ukaisha.

Kimya kilichoingia kilikuwa kigeni kabisa. Ndege walisikika. Mahali fulani upande wa pili wa mto mtu alikuwa anapasua kuni. Fundi alifungua mfuniko wa pipa la dizeli, akatumbukiza kijiti, akakitoa, akamwonyesha Msomi alama ya unyevu, imefika wapi na jana ilifika wapi. Ilikuwa tofauti ya upana wa vidole vitatu.

Msomi aliangalia vidole vile vitatu. Moyoni mwake hotuba ilikuwa inajipanga yenyewe, ya meli na mapipa na taifa, na ilikuwa na sentensi mbili tatu nzuri sana. Lakini kabla haijafika mdomoni watu walianza kutokea barabarani, kwanza wawili, halafu kumi, wanawake na wanaume, wengine wanakimbia, wamebeba ndoo na madumu.

"Pampu imekufa?" aliuliza mzee aliyekuwa mbele, akihema.

"Haijafa, mzee," Msomi alisema. "Imemaliza mapema."

"Imemaliza nini?"

"Kazi. Tangi limejaa."

Mzee alimtazama tope la magotini, akamtazama fundi, akaitazama injini iliyonyamaza. Ilikuwa dhahiri kwamba haamini neno hata moja.

"Mimi nitajaza tu ndoo zangu," alisema, akaenda kupanga foleni kwenye bomba la kuchotea maji lililokuwa hapo mtoni, na wote waliokuja naye wakapanga nyuma yake.

Msomi aligeuka kumtazama fundi. Fundi alikuwa ameshachukua jembe.

"Waache," alisema. "Bado hawajakizoea hiki kimya. Njoo, kuna pengine juu kule majani yake nayo siyaelewi."